Sakafu Iliyomeza Besi

Mtaani walimwita Sikio, na jina hilo lilimpendeza kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa redio na spika kwa miaka ishirini na moja, na katika muda huo alishajiaminisha kwamba hakuna mlio duniani unaoweza kumpiga chenga. Gari likipita nje ya kibanda chake angekwambia plagi gani imechoka, hata kama hukumuuliza. Basi dada yake alipompigia simu Jumamosi asubuhi kumweleza kwamba muziki wa nyumbani umekufa besi, na saa tisa alasiri wageni arobaini wanaingia sebuleni kumpongeza binti yao, Sikio alicheka. Akamwambia aweke chai jikoni, nusu saa itamtosha.

Saa sita mchana bado alikuwa amepiga magoti, na hakuna aliyecheka.

Nyumba ilikuwa ya baba mkwe wa dada yake, mzee aliyekula chumvi nyingi, ambaye aliijenga mwenyewe na hakuacha siku ipite bila kukukumbusha. Mwanawe, yaani shemeji yake Sikio, alikuwa mwalimu wa udereva. Mtu mzuri, ila mbishi, na kazi ilikuwa imemwingia mwilini: mtu akisema jambo asilolipenda, mguu wake wa kulia ulikanyaga breki palepale sakafuni. Yeye ndiye mwenye muziki. Amplifaya moja, spika mbili ndefu, na sabufa, lile boksi zito la besi ambalo mtu mzima angeweza kulikalia na miguu isifike chini. Sebule yenyewe iliongezwa na Mzee miaka ishirini na sita iliyopita, kwa ajili ya harusi ya huyo mwanawe, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa jinsi sakafu hiyo haijawahi kupata ufa.

"Ilikuwa inapiga mpaka vikombe vinacheza kabatini," shemeji alisema. "Sasa sikiliza mwenyewe. Kama mtu anakohoa nyumba ya pili."

Sikio alisikiliza. Sauti za juu zilikuwa safi, mwimbaji alikuwa palepale mbele yao, lakini chini yake hakukuwa na kitu. Alianza pale kila fundi anapoanzia, kwenye nyaya. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi inafia katikati. Nyaya zilikuwa sawa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Akageuza vitufe vyote nyuma ya sabufa, akavirudisha. Akafungua wavu wa mbele, akaibonyeza koni kwa vidole taratibu. Ilishuka na kupanda bila kukwaruza. Akabadilisha waya. Akabadilisha soketi. Shemeji alimfuata nyuma nyuma akitoa ushauri, na mguu wake haukupumzika.

"Si ulisema nusu saa?" dada yake aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Nilisema nusu saa ya fundi."

"Na ya fundi ni siku ngapi?"

 Akamwomba shemeji washike boksi pamoja, wakalibeba mpaka chumbani kwa dada yake, wakaliunganisha huko na wimbo uleule, kitufe palepale. Kioo cha meza ya kujipambia kilianza kutetemeka. Chupa ya manukato ikatembea mpaka ukingoni, dada yake akaidaka. Hiyo ndiyo ilikuwa besi. Wakalirudisha sebuleni, mahali palepale lilipokuwa, na muziki ukarudi kukohoa.

Hapo ndipo Sikio alipoacha kufanya mzaha. Boksi lilikuwa zima. Mgonjwa alikuwa chumba.

"Mmebadilisha nini humu?" aliuliza. "Pazia? Kabati?"

"Hamna," dada yake alisema. "Kila kitu kiko vilevile. Labda kiti cha Baba tu."

Kiti cha Mzee, kile cha mbao chenye mto wa kijani, kwa miaka yote kilikaa karibu na dirisha kubwa. Mwezi uliopita alikihamishia kando ya mlango wa barazani, akasema jua linamchoma. Sikio aliitikia kwa kichwa akaendelea na shughuli zake, maana kiti hakiui besi. Hata hivyo alimtupia jicho yule mzee. Alikuwa ameketi hapo tangu asubuhi, fimbo katikati ya magoti. Aliitikia shikamoo, na tangu hapo hajatia neno. Mtu ambaye hupangi hata sahani bila yeye kukuelekeza.

Basi fundi akageukia njia ya mwisho, ile ambayo mafundi wengi hawaipendi kwa sababu inawashusha hadhi. Wimbo ukiwa unacheza, unapiga magoti na kutambaa chumba kizima, kichwa chini, ukitafuta mahali ambapo besi imejificha. Sikio alianzia ukutani.

"Huyu ni fundi au ni mtoto anaota meno?" aliuliza dada wa shemeji, shangazi mtu, ambaye alikuja wiki tatu zilizopita kusaidia maandalizi na tangu siku hiyo alikuwa anasaidia zaidi kwa mdomo.

Binti aliyeandaliwa sherehe alicheka huku akipanga viti vya plastiki. Alikuwa amehitimu uuguzi, na nyumba nzima ilishaanza kumwita Nesi kana kwamba ndilo jina lake la utotoni. Nyuma ya kochi kulikuwa na godoro lake limesimamishwa ukutani, maana chumba chake kilikuwa cha shangazi kwa sasa.

Sikio alitambaa. Karibu na kuta aliisikia besi kidogo, imechoka lakini ipo. Alipoelekea dirishani ilizidi kupotea, na mita mbili kutoka dirishani haikuwepo kabisa masikioni. Ilikuwa kwenye kiganja chake. Aliinua mkono, akauweka tena chini. Kigae kilikuwa kinatetemeka. Si mtetemo wa boksi kubwa lililo karibu, huo anaufahamu. Sakafu yenyewe ilikuwa inapanda na kushuka kwa kila pigo, kidogo sana, kama ngozi ya ngoma.

Alisogeza kiganja hatua kwa hatua, akauchora mpaka wake kichwani. Ulikuwa mduara, mpana kuliko kitanda cha watu wawili, na ukingo wake mmoja ulipita chini ya sabufa. Kila boksi liliposukuma, sakafu iliitikia na kuimeza besi yote, haikubakisha kitu kwa watu waliokaa kwenye makochi.

"Zima muziki," alisema.

Akachukua bisibisi, akagonga kwa mpini wake karibu na ukuta. Mlio mkavu, mfupi. Akagonga katikati ya ule mduara. Mlio ulishuka chini, ukakaa huko, ukachelewa kuisha.  Aligonga tena, si kwa sababu alikuwa na shaka, bali alitamani sana awe amekosea.

Alipoinua kichwa, wote walikuwa wanamtazama yeye, isipokuwa Mzee. Mzee alikuwa anaitazama bisibisi.

"Mzee," Sikio alisema, "kabla ya sebule hii, hapa palikuwa na nini?"

"Ua."

"Ua mtupu?"

"Palikuwa na ua, kijana. Kuku walikuwa wanachakura hapo." Sikio alikuwa na miaka arobaini na sita, na ni muda mrefu hajaitwa kijana kwa sauti ile.

Akasimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akawaambia bila kuzunguka. Chini ya hapo ni patupu. La nini hakujua, ila kulikuwa na shimo, na kilicholifunika kimelegea, ndiyo maana besi imekuwa ikipungua siku hadi siku. Saa tisa watu arobaini watasimama juu yake, na wakifunguliwa muziki watacheza. Akaomba watu wote watoke sasa hivi, na sherehe ihamie uani.

Shemeji akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Wewe ni fundi wa redio," alisema. "Nikitaka habari za sakafu nitamwita mwashi."

"Mwite. Ila watu wakae nje mpaka afike."

"Kwa sababu ya besi?"

"Ndiyo. Kwa sababu ya besi."

"Shemeji, nakuheshimu. Lakini nyumba ya baba yangu hutaitia doa siku ya shughuli, kwa sababu tu boksi limekushinda."

Neno hilo lilimchoma, na lilistahili kumchoma. Sikio aliujua mtaa ule. Angekosea, kufikia jioni kila kibanda kingekuwa kinasimulia jinsi Sikio alivyohamisha sherehe ya watu kwa kuogopa vigae, na jina ambalo amelitafuta miaka ishirini na moja lingegeuka kichekesho. Njia ya kutokea ilikuwepo, tena rahisi: aongeze sauti mpaka mwisho, wote wasikie kitu kinachofanana na besi, anywe chai yake aende zake. Aliifikiria. Tusimsafishe sana, aliifikiria kwa muda unaotosha kuona haya.

"Mjomba," Nesi alisema. Alikuwa ameacha kupanga viti. "Hapo ulipogonga ndipo ninapolala."

"Hapo wapi?"

"Hapohapo. Tangu shangazi aje. Nakuta pana ubaridi mzuri."

Shangazi akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Dada yake Sikio akaja mpaka kizingiti cha jikoni, akamwita binti yake amfuate, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Wiki tatu, kila usiku, mtoto wake alikuwa amejinyoosha juu ya ule mlio. Sikio akaliona jambo hilo jinsi lilivyo. Aibu ya mtaani ikawa kitu kidogo.

Lakini shemeji alikuwa ameshafika katikati ya chumba. Mbishi akishaanza hata yeye mwenyewe hawezi kujizuia.

"Ni hapa?" aliuliza. "Hapa ndipo pa kuogopwa?" Akaruka. Mtu mzima, na kitambi chake, akaruka juu ya vigae na kutua kwa miguu yote miwili. Sakafu ilitoa mlio mmoja mzito, madirisha yakajibu, kisha kukatulia. "Mmeona? Imara. Baba hakujenga kwa karatasi." Akakunja magoti ili aruke tena.

"Usiruke."

Mzee hakupaza sauti. Alikuwa amesimama, na fimbo ilikuwa imeanguka, hakuiokota.

"Mwanangu, usiruke. Simama hapohapo ulipo, usisogee."

Kigae kimoja karibu na dirisha kilikuwa kimezama upande, upana wa kidole. Kwenye ule mwanya vumbi lilikuwa linatiririka kwenda chini. Wakasikia kitu kidogo, kipande cha zege labda, kikiachia. Kukawa kimya. Sikio alihesabu bila kutaka, moja, na mbili karibu ikamilike, ndipo kikatua, na kilitua kwenye maji.

"Ni shimo la choo," Mzee alisema. "Choo cha zamani. Mimi ndiye niliyelifunika."

Shemeji alikuwa bado amekunja magoti. Hakuthubutu kuyanyoosha.

"Ulilifunika na nini, Baba?"

"Magogo. Magogo na mabati, halafu zege juu."

"Hukulijaza?"

"Mwashi alisema malori kumi ya mawe. Harusi yako ilikuwa wiki inayofuata, na wakwe walikuwa wanakuja kuiona nyumba. Nikamwambia afunike, na anyamaze."

Watu walijua Mzee ana mkono wa birika, walikuwa wanamtania hivyo mbele yake naye anacheka. Leo hakuna aliyepata la kumtania. Magogo ya miaka ishirini na sita, juu ya unyevu wa choo. Hata mtoto anajua magogo hayo sasa hivi ni nini.

"Shemeji, nisikilize mimi," Sikio alisema. "Usimwangalie Mzee. Niangalie mimi. Lala kwa tumbo, polepole, utandaze mikono. Uzito wako wote usiuweke mahali pamoja."

Mwalimu wa udereva, ambaye kutwa nzima huwaambia wengine lini wakate kona na lini wasimame, alilala kwenye vigae kama alivyoambiwa. Sikio alipiga magoti ukutani, akanyoosha mkono na kugonga kwa bisibisi, akisikiliza. Huku hapana. Huku hapana. Kidogo kushoto. Alikuwa anafanya kazi aliyoifanya maisha yake yote. Shemeji alisota mita mbili na nusu kwa muda ambao mkewe alikuja kuapa ulikuwa saa nzima. Mara mbili sakafu ililalama chini ya kifua chake, na mara zote mbili aliganda, shavu kwenye kigae, macho yamefumbwa, mguu wake wa kulia ukisukuma breki isiyokuwepo. Alipogusa mpini wa bisibisi, Sikio alimshika kifundo cha mkono akamvuta. Mkewe akamdaka shati kwa nyuma na hakuliachia mpaka walipofika uani.

Walitoka wakifuata ukuta, mmoja mmoja. Mzee hakuhitaji kufuata ukuta. Kiti chake kilikuwa hatua mbili kutoka mlangoni. Mwezi mzima alikuwa ameketi hatua mbili kutoka mlangoni, na Sikio alipoliona hilo alitaka kumwambia kitu kibaya, kitu ambacho mtu wa umri ule haambiwi. Akambebea fimbo yake badala yake, maana ndivyo alivyolelewa, na alijichukia kidogo kwa kuibeba.

Shemeji alikumbuka boksi lake la besi. Alisimama barazani akaligeukia, na mkewe akamtazama mara moja tu. Akaliacha.

Viti vya kuazima kwa majirani vilipangwa uani, turubai likafungwa, watu wakifanya kazi haraka ili wasiongee. Saa nane na nusu wageni wa kwanza walikuwa wanauliza getini wapi waegeshe gari. Ndipo sakafu ilipoondoka. Haikuwa kelele kubwa. Sikio aliisikia kwa nyayo kabla haijafika masikioni, mlio wa chini kabisa, wa muda mfupi, na baada yake vioo, kisha harufu. Alikwenda mpaka dirishani akachungulia. Katikati ya sebule hapakuwa na kitu. Palikuwa na weusi wa mduara, kochi moja limeinama ukingoni, na vumbi linapanda badala ya kushuka.

Mmoja wa wageni alijiuliza kwa sauti kama ni gari limegonga ukuta. 

Mzee alikuwa amekalishwa chini ya ukingo wa turubai, peke yake. Hakuna aliyewakataza watu kukaa karibu naye, ila viti vya pande zote mbili vilibaki vitupu. Mwanawe alipita mbele yake mara tatu akibeba soda, na mara tatu alipata cha kutazama upande wa pili. Sikio alikuwa karibu, anakunja nyaya ambazo hazikuwa na kazi tena, Nesi alipokuja na gauni lake jipya akachuchumaa mbele ya babu yake. Akamshika mkono, vidole vikaenda vyenyewe kwenye mshipa, kama alivyofundishwa.

"Nilisikia kitu kinaanguka mle chini mwezi uliopita," Mzee alisema. "Nikasema nitawaambia. Halafu wakaanza kualika watu, nikasema nitawaambia shughuli ikiisha."

"Na mimi nilikuwa nalala pale, Babu."

"Sikuwa nalala mimi. Muulize mama yako, kila asubuhi alinikuta kwenye kiti. Kila usiku nilikuwa macho nakuangalia mpaka kunapambazuka."

Nesi aliendelea kuhesabu mapigo, au alijifanya anahesabu.

"Ningeanguka, ungefanya nini?"

 Ilionekana kwamba ni swali ambalo Mzee ameishi nalo, na alikuwa na jibu tayari, jibu ambalo kila usiku lilimtuliza.

"Ningemwita baba yako," alisema.

Nesi aliuachia mkono wake, akaulaza vizuri juu ya goti la babu yake.

"Na yeye angekuja mbio," alisema. "Gizani, bila viatu, moja kwa moja mpaka shimoni."

Akainuka, akajifuta uso kwa kiganja, akaenda getini kuwapokea wageni wake.